Mrundi Wangu, Mzungu Wangu

Mvua za kwanza zikishanyesha huku Kasulu, salamu za asubuhi hufuatwa na swali moja: "Umeshapata Warundi?" Anayeuliza hataki habari za Burundi. Anataka kujua kama nimepata watu wa kulima. Shangazi yangu akikosa mtu wa kupalilia maharage husema, "Mrundi wangu leo hajatokea." Jirani yake mwenye shamba la mihogo husema ana Warundi wanne, kwa sauti ileile ambayo angesema ana majembe manne.

Shangazi si mtu mbaya. Wanaomlimia hula chungu kimoja na watoto wake, na mmoja wao alipougua homa usiku, ni shangazi aliyeamka kumtafutia dawa. Hata hivyo neno analowaitia si jina la mtu wala jina la kazi. Ni jina la taifa zima, lenye wafalme wake, washairi wake na madaktari wake, ambalo huku kwetu limepunguzwa mpaka likatosha mpini wa jembe.

Binamu yangu anayeishi Mwanga, Kigoma mjini, naye ana msemo wake. "Mzungu wangu ameahidi kunilipia kozi." Aliyekulia karibu na misheni, kambi ya wakimbizi au hifadhi anaujua msemo huo vizuri. Mzungu wangu ni mtu aliyekuja, akakupenda, akaondoka, na sasa hutuma hela. Jina lake laweza kuwa gumu kutamka, au likawa limesahaulika kabisa. Haidhuru, yeye ni mzungu wangu.

Yapime maneno hayo mawili. Yote yana "wangu", na yote yanamfuta mtu jina lake. Ila "wangu" ya shangazi inashika kutoka juu, na "wangu" ya binamu inaning'inia kutoka chini. Mrundi wangu ananifanyia kazi. Mzungu wangu ananihurumia. Katikati ya hao wawili tumesimama sisi Waha, na ndani ya kivumishi kimoja kidogo cha kumiliki unaona ngazi nzima ilivyopangwa: nani amewekwa juu, nani chini, na rangi gani inaketi kwenye daraja lipi.

Nisingeandika haya kama neno hilo lingekuwa limeanzia kwetu. Limetufikia kwa mkono wa mwingine, na kabla hatujamvika Mrundi tulivikwa sisi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Vijana wa leo hulisikia neno hilo wakadhani ni kabila. Linatokana na namba. Enzi za Waingereza, Buha, nchi yetu Waha, ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora, na kwa miaka mingi kazi iliyopangiwa nchi hii haikuwa kulima zao la biashara. Ilikuwa kutoa watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, na mawakala wake walifika huku bara kuandikisha wanaume. Waliopatikana walipakiwa kwenye treni. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyowachukua.

Kule shambani babu alipewa namba na kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku thelathini; siku uliyomaliza kazi yako iliwekwa alama, siku uliyoumwa haikuwekwa. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Karani wa malipo hakuita jina. Mzee huyo, hadi anafariki, aliikumbuka namba yake kuliko tarehe za kuzaliwa watoto wake.

Alinisimulia pia kwamba kwenye kambi za mkonge Waha na Warundi walikaa pamoja, kwani nao Warundi walishuka kwa wingi kutafuta kazi. Wenyeji wa pwani hawakuhangaika kuwatofautisha. Wote ni watu wa bara, wote wa kukata mkonge. Ukisema "Muha" kule, ulikuwa umeshataja kazi. Ndivyo shangazi anavyosema "Mrundi" leo, naye ni binti wa mtu huyohuyo mwenye namba.

Tazama jinsi lugha yetu ilivyoyapokea majina ya wafanyakazi. Manamba ni mtu aliyeitwa kwa namba aliyopewa. Kibarua ni barua ndogo: mtu wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha amefanya kazi, na kile kikaratasi kikawa yeye mwenyewe. Boi ni neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, na aliitwa hivyo mwanamume mwenye wake na wajukuu, kwa sababu tu alikuwa mweusi akipika jikoni kwa mweupe. Maneno matatu, na katika yote hakuna hata moja lililomtazama mtu usoni. Tunayatumia mpaka sasa, na "shamba boi" linatajwa kwenye matangazo ya kazi na watu ambao hawajawahi kukaa chini ya serikali ya kikoloni hata siku moja.

Nitakuwa mwongo nikisema dhambi hii yote ni ya Ulaya. Kiswahili chenyewe kilikuja huku kwenye misafara ya pembe na watumwa, na kilikuja kikiwa na ngazi yake tayari. Watu wa pwani walijiita waungwana, yaani watu huru, na sisi wa bara tukaitwa washenzi. Ustaarabu, neno tunalolitumia kwa kila jambo jema kuanzia kupanga foleni hadi kunawa mikono, lina Uarabu ndani yake: kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu. Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya msafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, ulijaa watu waliotekwa Manyema na kwingineko ng'ambo ya ziwa, na aliyepata nafasi ya kuvaa kanzu na kusema Kiswahili alifanya haraka kujiita mwungwana ili asiitwe mshenzi. Neno hilo lilivuka ziwa mpaka Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Siwalaumu. Anayeepa kiboko hana muda wa kuchunguza kamusi. Lakini ona mchezo ulivyo: njia ya kuacha kuitwa mshenzi ilikuwa kumtafuta mwingine wa kuitwa hivyo.

Mzungu alipofika alikuta ngazi imesimama. Aliongeza daraja la juu yake, akakaa.

Na alipokaa, historia nayo ilibadili vitenzi. Februari 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, na hadi leo kuna watoto wanaoandika kwenye mtihani kwamba waliligundua Ziwa Tanganyika. Kugundua ni kufichua kilichokuwa hakijulikani. Wale mabwana waliikuta Ujiji ikiwa na soko na wafanyabiashara, na ili kwenda kaskazini walikodi mitumbwi ya watu waliolijua ziwa lile tangu kwa mababu zao. Aliyewasaidia kufika alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa mpaka India, akarudi akiwa huru. Alisafiri baadaye na Speke tena, na Stanley, na Cameron. Kwa ardhi aliyoikanyaga katika Afrika, wachache wa zama zake wangemfikia. Vitabu vingi vilimwita kiongozi wa wapagazi. Mtu anaweza kukuongoza mpaka ulikokwenda, halafu wewe ukaitwa mgunduzi na yeye akaitwa mtumishi mwaminifu.

Kuna neno lingine la vitabuni linaloniumiza zaidi, kwa kuwa ni laini. "Ujio wa wageni." Ndivyo tulivyofundishwa sura ya Wazungu na Waarabu kuingia nchini. Ujio! Bibi harusi ana ujio. Mtume ana ujio. Mwaka 1893 Wajerumani walivunja ngome ya Mtemi Isike pale Tabora, naye akaona bora ajilipue kwa baruti kuliko kukamatwa; kitabu kinachoweka jambo hilo chini ya kichwa "ujio wa wageni" kimemkaribisha mvamizi na kumwekea kiti. Mirambo, aliyejenga dola kubwa Unyamwezi kwa vita na kwa biashara, aliitwa jambazi na waliotaka njia ipite bila ushuru wake. Stanley, ambaye alipigana upande wa maadui zake mwaka 1871, alikutana naye ana kwa ana mwaka 1876, akamsifu na kumfananisha na Napoleon. Hata sifa ilibidi ivae jina la Ulaya ili ieleweke. Baadaye mtemi wa Unyanyembe na mwami wa Heru huku Buha, wote wawili, wakaitwa machifu, ilhali Kiswahili kilikuwa na neno mfalme. Lile liliachwa kwa aliyeko London.

Basi linganisha na yaliyotokea karibuni zaidi. Mei 2015, baada ya Pierre Nkurunziza, rais wa Burundi wakati huo, kutangazwa kugombea muhula wa tatu, makumi ya maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakajazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Barabara haikuwepo. Kipindupindu kiliingia. Meli iliyokuwa ikiwaleta Kigoma, wakashukia mjini na kupelekwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, ilikuwa Liemba. Redioni na vibarazani nilisikia "wimbi la wakimbizi", nikasikia "wamefurika", nikasikia "wametuvamia". Waliovamiwa safari hii walivamiwa na akina mama wenye godoro kichwani.

Liemba yenyewe ina la kusema hapa. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuungwa Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo viliua watu kati ya 75,000 na 300,000 kwa makadirio mbalimbali, wengi wao kwa njaa baada ya askari kuteketeza chakula. Jina la mtu huyo lilielea kwenye ziwa letu mpaka Wajerumani walipoizamisha meli wao wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina Liemba, jina ambalo ziwa liliitwa na watu wa upande wa kusini. Wabeba bunduki walipata meli yenye jina lao. Wabeba magodoro walipata neno la mafuriko.

Simlaumu kila mwandishi wa habari kwa makusudi. Wimbi ni neno jepesi, linakuja lenyewe mdomoni. Lakini maneno ya maji, ya upepo na ya moto yana tabia moja: hayana mtenda. Septemba 2013 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wageni wasio na vibali Kagera, Geita na Kigoma, na ikaitwa Operesheni Kimbunga. Mtu alikaa mezani akalichagua jina hilo. Kimbunga kikipita, huulizi kilibomoa nyumba kwa amri ya nani, wala huendi kukidai mke wako aliyezaliwa ng'ambo ya Mto Malagarasi na aliyekuzalia watoto watano. "Mapigano ya kikabila" hufanya kazi hiyohiyo kila Burundi au Kongo inapowaka. Vita vya Ulaya vina majina ya marais, ya majeshi na ya mikataba. Vya jirani zetu vina makabila tu, kana kwamba watu waliamka asubuhi wakaumana kwa asili yao.

Na hili neno kabila, sitalipita. Iceland ina watu wasiofika nusu milioni. Ni taifa, na wanachosema ni lugha. Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa watu takribani milioni 2.5 mwaka 2022, wengi wao Waha. Ni kabila, na wanachosema shuleni kiliitwa kilugha, na aliyekisema alivishwa kibao shingoni.

Mkimbizi nalo ni neno la kulitazama kwa umbo lake. Limejengwa kama mlinzi, mjenzi, mpishi. Mlinzi ni mtu ambaye kulinda ni kazi yake. Basi mkimbizi, kwa masikio ya lugha, ni mtu ambaye kukimbia ndiko kazi yake. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wamo humo vijana waliozaliwa pale, wakasoma pale, wakaoana pale, hawajakimbia chochote maishani mwao, na bado wanaitwa wakimbizi. Tabora kuna Ulyankulu, walikopelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walifyeka pori, wakalima tumbaku na mahindi, wakalisha masoko. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikabidhiwa uraia wa Tanzania, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa kiwango hicho, na najivunia nalo kama Mtanzania. Ila siku hiyohiyo tuliwapa na jina: raia wapya. Nguo mpya huwa mpya mpaka ifuliwe. Mtu aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1980, anayelipa ushuru wa tumbaku, upya wake utaisha lini?

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda basi kwenda Tabora. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani ofisa aliingia, akatembea katikati ya viti, akanigusa bega. "Wewe, mwenyeji wa wapi?" Nikasema Kasulu. "Kasulu au Burundi?" Nikatoa kitambulisho cha taifa. Akakigeuza huku na huku, akaniambia nishuke nacho. Nje niliulizwa jina la babu, jina la mtendaji wa kijiji, jina la mwalimu mkuu aliyenifundisha darasa la saba. Nikajibu yote, nikitetemeka magoti kwa hasira na kwa hofu, kwani ukishaanza kuulizwa kama wewe ni wewe, unaanza kusahau. Kwenye kiti cha mbele alikaa kijana wa kizungu na begi lake kubwa la mgongoni. Ofisa alipompita alitabasamu: "Karibu sana Tanzania." Hakumwomba karatasi.

Niliporudi kwenye kiti changu, jirani yangu, mzee wa Uvinza, alinipa pole akasema, "Pua yetu inatuponza, mwanangu."

Nimelifikiria neno lile tangu siku hiyo. Mwenyeji. Ofisa alinitaka nimthibitishie kuwa mimi ni mwenyeji, na nilipokuwa nathibitisha nimesimama juani, mgeni amekaa kivulini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Kigoma imeishi hivyo kwa vizazi, ikipokea wa Kongo na wa Burundi hata pale chakula chake kilipokuwa kidogo. Lakini sasa neno mgeni limegawanywa. Mweupe ni mgeni, mtalii, mtaalamu, mfadhili. Mweusi aliyevuka mto ni mhamiaji haramu. Haramu tunalijua tangu chuo cha Kurani na tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza: riba, zinaa, mali ya wizi. Kukosa karatasi kumepewa jina la dhambi. Mzungu ambaye kibali chake kimekwisha nimemsikia akiitwa mtu aliyepitisha muda wa viza. Sijamsikia akiitwa haramu.

Na huyo mwenyeji, lugha imemfanya nini? Sikiliza "kienyeji". Kwa maana yake halisi, cha kienyeji ni cha mwenye mahali, cha mwenye nyumba. Sasa sikiliza tunavyolitumia. Fundi wa kienyeji ni fundi asiyesomea. Dawa ya kienyeji ni ya kubahatisha. Pombe ya kienyeji ni ya kukimbizwa na mgambo. "Umefanya kienyeji" maana yake umefanya ovyo. Kitu cha mwenye nyumba kimekuwa kitu kibovu ndani ya nyumba yake. Kuku peke yake ndiye aliyeokoka: kuku wa kienyeji ni ghali kuliko wa kizungu, na watu wa mjini wanamtafuta kwa tochi.

Hapa Kigoma tunaliona kwenye mawese. Bibi zetu walikamua mafuta ya mchikichi kabla ya meli yoyote ya chuma kuonekana ziwani, na ndiyo yaliyopikia migebuka na maharage ya vizazi vyote. Dukani leo muuzaji anakuuliza, "Unataka mawese au mafuta safi?" Safi ni yale yasiyo na rangi, yaliyotoka kiwandani, na kwa miaka mingi mengi yake yametokana na mchikichi huohuo, uliolimwa Malaysia na Indonesia. Tunda ni lile lile. Likitoka mbali likiwa limeondolewa wekundu wake linaitwa safi. Likitoka Simbo likiwa na rangi yake linaitwa mawese tu, ya kienyeji. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kuhimiza upya zao hili, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya aina ya Tenera inayotoa mafuta mengi kuliko Dura tuliyoizoea. Ni kazi nzuri na ninaiunga mkono. Lakini katika mikutano mche mmoja huitwa wa kisasa na mwingine wa kienyeji, na nimemwona mzee mmoja aliyetunza michikichi kwa miaka hamsini akikaa kimya mkutano mzima, kwa sababu kila alichokijua kilikuwa tayari kimeshaitwa kwa neno la kudharau. Dura ingeitwa Dura, mzee yule huenda angesema jambo.

Wapo watakaoniambia, ndugu, haya ni maneno tu, nenda kapambane na bei ya mbolea. Ningewaalika wakae na shangazi siku ya malipo. Kuna bei ya kulima eka, na kuna bei ya Mrundi. Watu husema hivyo waziwazi, "bei ya Mrundi", na wote wanaelewa kuwa ni ya chini. Kijana wa Kasulu akilima eka ileile kwa jembe lilelile atalipwa zaidi. Neno limeingia kwenye mfuko wa mtu likatoa fedha. Na akidhulumiwa, atashtaki wapi? Jina lake ndilo kosa lake. Babu yangu asingehitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Nisogee kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, kwenye Hifadhi ya Gombe. Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, alipofika mwaka 1960 alifanya jambo lililowakera baadhi ya wasomi wa wakati ule: aliwapa sokwe majina. Wasomi walitaka wanyama wapewe namba, kwa hoja kwamba jina linamfanya mtafiti aone nafsi pale ambapo anapaswa kuona kielelezo. Yeye akashikilia majina, na dunia ikabadilika kwa kiasi fulani namna ya kumtazama sokwe. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini hesabu miaka. Wakati sokwe wa Gombe wanapata majina, mashamba ya mkonge yalikuwa bado yamejaa wanaume wa mkoa huuhuu wanaoitwa kwa namba. Wasomi wale walijua vizuri jina hufanya nini.

Na pale pale Gombe, Januari 1974, mtu aliyeshuhudia kundi moja la sokwe likimshambulia dume aitwaye Godi, tukio lililofungua vita vya miaka minne baina ya makundi mawili, alikuwa Hilali Matama. Mei 1975 watu wanne wa kigeni waliokuwa kwenye utafiti huo walitekwa na waasi waliotoka ng'ambo ya ziwa, na kwa muda mrefu baadaye kazi ya kuwafuata sokwe milimani na kuandika kila siku ilibaki mikononi mwa Watanzania. Sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakijua kuhusu miaka hiyo kimeandikwa kwa mkono wa wana wa Kigoma. Waliitwa wasaidizi. Msaidizi, wakati anayesaidiwa hayupo! Mtu anayekwea mlima kabla ya jua, anayemtambua kila sokwe kwa uso, anayeandika saa na tabia na kuyafanya hayo kwa miongo, Kiswahili kina neno lake. Ni mtafiti.

Mwezi uliopita shangazi aliniomba nimsaidie hesabu za palizi. Alinipa kaunta buku lake, lile analoweka chini ya godoro. Nilifungua kurasa za mwisho nikakuta safu za vyeki kwa kalamu nyekundu, siku kwa siku, na pembeni maandishi yake ya mteremko: Mrundi mrefu, siku sita. Mrundi wa kofia, siku nne. Mrundi mdogo, siku sita, alikopa elfu mbili. Niliitazama kurasa ile kwa muda. Sijawahi kuishika kadi ya babu, lakini nilijua ninachokitazama.

Nikamwambia, "Shangazi, hawa wana majina." Akasema kwa mshangao wa kweli, "Wanayo, lakini sikuwahi kuuliza."

Walikuwa chini ya mwembe wakisubiri malipo. Nikaenda na kaunta buku, nikakata mstari juu ya yale ya zamani, nikaanza kuuliza mmoja mmoja. Wa kwanza alicheka kwa aibu kabla ya kujibu. Wa pili alitaja jina la ubatizo, halafu akafikiri, akaongeza lile alilopewa na baba yake, akataka yaandikwe yote mawili. Yule aliyeandikwa mdogo ana miaka ishirini na sita na watoto wawili kwao Makamba, Burundi. Jina lake nililiandika kama sikio langu la Kiha lilivyolisikia, kwa l. Sisi na wao tunatofautiana kwa herufi hiyo. Sisi tukimkataza mtoto tunasema leka, wao wanasema reka. Akainama juu ya bega langu, akasoma polepole, akaweka kidole.

"Hapo ni r, bosi."

Nikafuta, nikaandika r.